Kuvuka Pwani ya Jangwa la Namib kwa Lori Mkiwa Kikundi: Mwongozo Kamili

Atakayekwenda pwani ya Namibia na kaptula na fulana tu atatetemeka kabla ya chakula cha jioni. Ni jangwa kweli, tena kavu hasa: Swakopmund hupata mvua isiyofika milimita 25 kwa mwaka mzima. Lakini bahari iliyo mbele yake ni ya baridi. Mkondo wa Benguela hupanda kutoka kusini na maji ya nyuzi 12 hadi 18, hewa iliyo juu yake hupoa, ukungu hujengeka na kuingia nchi kavu usiku na asubuhi, zaidi ya siku 100 kwa mwaka. Baridi hiyohiyo ndiyo inayozuia mawingu ya mvua yasikue. Kwa hiyo unapata mahali ambapo hema hulowa kila alfajiri ilhali mto hauna hata tone.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu kumi na kitu hadi ishirini ndani ya lori moja la safari, lile lenye viti nyuma, jiko ubavuni na mahema yaliyopangwa kwenye makabati ya chini. Njia ni Windhoek, Sesriem, Walvis Bay, Swakopmund, Cape Cross, kisha kuvuka hifadhi ya Skeleton Coast hadi Springbokwasser na Palmwag. Siku nane zinatosha, kumi ni bora. Lori likiwa zima halitawasumbua sana. Safari hizi huharibiwa na watu waliolowa, waliochoka na wasiojua leo zamu ya kuosha masufuria ni ya nani.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Aprili, Mei na Septemba ndiyo miezi ninayoipenda. Ndani ya nchi, kule Sesriem, usiku wa Juni hadi Agosti hukaribia kuganda, na mchana wa Desemba na Januari hufika nyuzi 40. Pwani haibadiliki sana mwaka mzima, hukaa baridi ya wastani na upepo wa kusini-magharibi unaoanza kuvuma karibu kila alasiri.

Mambo mawili huvuruga ratiba. La kwanza ni mvua za bara kati ya Januari na Machi: mito mikavu kama Kuiseb na Ugab hushuka ghafla na kufunga barabara hata kama mlipo jua linawaka. La pili ni upepo wa mashariki wa majira ya baridi, ambao hubeba joto na mchanga kutoka nyanda za juu hadi baharini. Siku hiyo Swakopmund iliyokuwa na ukungu jana inakuwa tanuri, na mchanga hukwangua rangi ya gari. Ukivuma, kaeni mlipo. Ndiyo maana nimesema siku kumi ni bora kuliko nane.

Desemba familia za Namibia yenyewe na wavuvi wa ndoana hujaa Swakopmund na Henties Bay. Kambi za kikundi kikubwa hazipatikani bila kuwekwa mapema sana.

Hatua ya 2: Karatasi na pesa

Watanzania na Wakenya huingia Namibia bila viza kwa ziara ya kawaida. Kikundi kikiwa na watu mchanganyiko, kumbukeni kwamba tangu Aprili 2025 Namibia inadai viza kwa raia wa nchi nyingi ambazo zamani ziliingia bure, zikiwemo Uingereza, Ujerumani na Marekani. Kila mtu aangalie ya kwake, na kiongozi ashike nakala za pasipoti zote. Wanaotoka nchi zenye homa ya manjano wabebe cheti cha chanjo.

Kama lori linatoka Afrika Mashariki, kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari ya kuvukia mipaka, haitambuliki Namibia. Mpakani mtalipa ada ya gari la kigeni kwa ajili ya barabara na kupewa karatasi. Itunzeni, polisi huiuliza. Majeraha ya watu barabarani hushughulikiwa na mfuko wa ajali za magari, MVA, ambao huchangiwa kupitia bei ya mafuta, lakini bati la mwenzio mlilobonyeza si kazi ya mfuko huo. Chukueni bima yenu. Na kama abiria wanalipa nauli, hakikisheni kibali cha kubeba abiria kuvuka mpaka kimeombwa mapema. Hilo halipatikani kwa maneno matamu getini.

Dola ya Namibia ina thamani sawa na randi ya Afrika Kusini, na randi hupokelewa kila mahali nchini. Kinyume chake hakipo: ukitoka na dola za Namibia, kubadilisha kwingineko ni tabu, zitumieni kabla ya kuondoka. Kadi hufanya kazi mijini. Kaskazini mwa Henties Bay bebeni taslimu.

Vibali vya hifadhi ni vya aina tatu. Sesriem na Cape Cross mnalipa kiingilio. Skeleton Coast kati ya mageti ya Ugabmund na Springbokwasser mnaandikiwa kibali cha kupita tu, hapohapo getini. Kuingia pembeni kwenye njia za hifadhi ya Namib-Naukluft, kwa mfano kwenda kuona mmea wa jangwani uitwao welwitschia, kunahitaji kibali kutoka ofisi ya wizara ya mazingira Swakopmund.

Hatua ya 3: Lori

Anzeni na tairi. Spea mbili, si moja, kwa sababu mawe ya kaskazini, kuanzia Springbokwasser hadi Palmwag, hukata tairi ubavuni. Jeki ibebwe pamoja na ubao mnene wa kuiweka juu yake. Jeki ya tani ishirini bila ubao itazama mchangani na lori litabaki lilipo. Dereva na utingo wajaribu kufungua nati zote kabla ya safari. Nati iliyokazwa kwa mashine gereji inaweza kuwashinda watu wanne porini.

Kwenye changarawe punguzeni upepo wa tairi kwa kama robo ya kiwango cha lami, mkiheshimu kipimo cha chini cha mtengenezaji kwa uzito mliobeba. Mtaona tofauti mara moja: vijituta vya mfululizo vinavyotikisa meno hupungua ukali, na pancha pia. Mkirudi lami jazeni tena. Lori lenye breki za upepo lina kompresa yake; mnachohitaji ni mpira mrefu wa kuunganisha kwenye tangi la upepo, na kipimo kinachoaminika.

Chujio la hewa lifunguliwe na kupigwapigwa kila jioni. Kuhusu vumbi ndani ya gari, watu wengi hufungua madirisha ya nyuma wapate hewa, na hapo ndipo wingu lote linapovutwa ndani. Fungeni ya nyuma, fungueni ya mbele kidogo, hewa isukume vumbi nje.

Hesabu ya maji ni rahisi. Lita 5 kwa mtu kwa siku kwa kunywa na kupika, bila kuoga. Watu 18 kwa siku 3 ni lita 270. Ongezeni theluthi ya akiba, mtafika 360. Msiweke yote kwenye tangi moja: bomba likipasuka usiku, asubuhi mna jangwa na bia. Gawanyeni, nusu tangini, nusu kwenye madumu yaliyofungwa imara.

Hatua ya 4: Pangeni watu kabla ya gari kuwaka

Kaeni kikao siku moja kabla. Hapo mtatoa majukumu kwa majina, mkiyaandika kwenye karatasi itakayobandikwa ndani ya mlango wa jiko. Vikosi vya watu watatu watatu: leo hiki kinapika, kile kinaosha, kile kinapakia na kufagia gari, kesho vinazunguka. Wale wanaosema "tutasaidiana tu" ndio hao hao ambao siku ya tatu watakuwa wanapiga picha wakati wengine wanakatakata vitunguu. Zamu huwaokoa wote wawili, mvivu na yule asiyejua kukataa.

Mbali na vikosi, wanahitajika watu wanne wenye kazi ya kudumu. Mtunza fedha hushika mfuko wa pamoja wa chakula, kambi na viingilio, na kuandika kila matumizi siku ileile. Mtu wa maji hupima kilichobaki kila jioni na kutangaza. Mhesabuji huhesabu vichwa kila gari linapotaka kuondoka. Dereva hawashi injini kabla hajasikia idadi. Na awepo mmoja mwenye sanduku la dawa ambaye ameambiwa kwa siri nani ana pumu, nani ana kisukari, nani ana mzio wa nini. Vumbi la changarawe na pumu havipatani, kwa hiyo vifaa vya kuvuta dawa vikae kwenye kiti na kamwe visiingie kwenye begi lililofungiwa chini.

Viti vizunguke pia. Safu ya nyuma huruka, mbele ni utulivu. Bila utaratibu, aliyewahi siku ya kwanza atakaa mbele hadi mwisho na manung'uniko yatakuwa makubwa kuliko suala lenyewe.

Neno moja kuhusu dereva. Hapiki, haoshi, halali mwisho. Akisema tumechelewa, mmechelewa. Akisema halioni vizuri hilo tuta, msimshawishi.

Hatua ya 5: Begi la kila mtu

Begi laini lisilo na fremu, kwa sababu makabati hayapanuki. Ndani yake: sweta nzito, koti la kuzuia upepo, kofia ya sufu, soksi za kutosha, mfuko wa kulalia unaofaa nyuzi sifuri, tochi ya kichwani, chupa mbili za maji, kofia ya jua, mafuta ya kuzuia jua na ya midomo, na viatu vilivyofunika vidole. Mchanga wa mchana huunguza unyayo. Ongezeni kanga au kitenge hata kama ni mwanaume: ni taulo, ni kinga ya vumbi usoni, ni pazia la kubadilishia nguo. Kamera na simu zikae kwenye mfuko wa plastiki unaofungika.

Jua hupenya ukungu. Walioungua zaidi kwenye safari hizi ni wale walioshinda Cape Cross wakidhani mawingu yanawalinda. Vilevile baridi huwafanya watu wasisikie kiu, wakafika jioni na kichwa kinachogonga. Mtu wa maji awakumbushe kunywa asubuhi, hata kama wanalalamika.

Hatua ya 6: Windhoek hadi Sesriem

Ni zaidi ya kilomita 300, nyingi za changarawe, na kwa lori ni siku nzima. Ramani ya simu inaweza kuwapitisha mteremko wa milimani wa Spreetshoogte kwa sababu ni njia fupi. Msikubali. Mteremko huo ni mkali mno, malori na trela havitakiwi kupita. Pitieni Rehoboth na Büllsport. Mwendo wa 60 hadi 70 kwa saa kwenye changarawe unatosha. Namibia huendeshwa kushoto, na ajali nyingi za wageni ni za gari kuserereka na kupinduka peke yake, hakuna hata gari jingine karibu.

Sesriem laleni ndani ya geti, kwenye kambi ya hifadhi. Walioko ndani huruhusiwa kutoka kuelekea kwenye matuta ya mchanga saa moja kabla ya jua kuchomoza. Walioko nje hungoja geti lifunguliwe jua likichomoza. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtaliona jua mkiwa juu ya Dune 45, kilomita 45 kutoka getini, au mkiwa kwenye foleni.

Barabara ni lami kwa kilomita 60. Tano za mwisho kwenda Sossusvlei ni mchanga mzito. Hapo lori lisimame. Lina tani kumi na kitu, na hata likiwa na magurudumu yote yanayovuta, kulitoa pale ni asubuhi nzima mbele ya watazamaji. Kuna magari madogo ya kubeba wageni kwa malipo. Deadvlei, lile bonde jeupe lenye miti iliyokufa mamia ya miaka iliyopita, ni mwendo wa kama kilomita moja kwa miguu kutoka mwisho wa njia. Kila mtu na lita mbili zake, na rudini kabla ya saa tano asubuhi. Eneo hili lote la matuta liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2013.

Hatua ya 7: Kushuka pwani

Kutoka Sesriem mpite Solitaire, mjaze mafuta, mle ile pai ya tofaa ambayo kila msafiri huisifia, kisha mshike barabara ya C14 kuelekea Walvis Bay. Ni kama kilomita 230. Njia hushuka makorongo ya Gaub na Kuiseb. Dereva atumie gia ndogo, breki zipumzike. Baada ya Kuiseb nchi hulala kabisa. Kijani kinachofuata mto mbali kushoto ndiko waliko Watopnaar, ambao kwa vizazi vingi wamekula na kuuza tunda la !nara linaloota kwenye matuta.

Hali ya hewa hubadilika ndani ya saa moja. Asubuhi nyuzi 32, alasiri 16 na ukungu. Watu wawe na makoti yao juu, la sivyo lori litasimama ili watu kumi na wanane wafukue makabati.

Walvis Bay ilibaki mikononi mwa Afrika Kusini hadi mwishoni mwa Februari 1994, karibu miaka minne baada ya uhuru wa nchi. Wangwa wake wa chumvi una flamingo wengi, na unaweza kuwatazama ukiwa umesimama barabarani. Sandwich Harbour iliyo kusini yake ni mahali pa magari madogo na madereva wa pale wanaojua maji kujaa na kupwa. Lori lisijaribu ufuko wowote.

Swakopmund laleni siku mbili. Fueni, chajini, jazeni gesi, maji, mafuta, kuni. Lori lisiachwe bila mtu hata dakika kumi. Wengi hutumia siku hiyo kuteleza kwenye matuta na kula samaki, na ni sawa. Mimi ningeongeza saa moja ya kwenda makaburini pembezoni mwa mji, kwenye vichuguu visivyo na majina vya Waherero na Wanama waliokufa kwenye kambi za Wajerumani wakati wa mauaji ya 1904 hadi 1908. Majengo mazuri ya mji ule yanasomeka vingine baada ya hapo.

Hatua ya 8: Barabara ya chumvi na Cape Cross

Henties Bay, kilomita 70 hivi kaskazini, ndiyo pampu ya mwisho ya kutegemea. Kuanzia hapo hadi Palmwag ni zaidi ya kilomita 300. Jazeni tangi lote, hata kama mlijaza Swakopmund. Kabla ya kufika mjini hapo mtaona meli ya uvuvi Zeila imekaa mawimbini tangu 2008, ndege wamejipanga juu yake.

Kisha barabara inakuwa ya chumvi: udongo wa jasi uliomwagiwa maji ya chumvi na kushindiliwa. Ikikauka ni ngumu na laini, dereva hujisahau na kukanyaga. Ukungu ukiilowesha huteleza kama sabuni. Taa za chini ziwake mchana kutwa. Taa kali hurudishwa na ukungu na kumpofusha dereva mwenyewe. Msifunge breki ghafla, msikate kona kwa nguvu, na mpishaneni na magari mengine mkiwa mmepunguza mwendo.

Msitoke nje ya njia hata kidogo. Kokoto zile zimeshikwa na laikeni, utando wa kijivu, kijani na rangi ya chungwa unaoishi kwa unyevu wa ukungu peke yake. Alama ya gurudumu hubaki kwa miongo mingi. Ndege wadogo wa pwani nao hutaga juu ya kokoto tupu. Ukanda huu ni hifadhi ya taifa ya Dorob, na kuendesha nje ya njia ni kosa.

Cape Cross harufu itawapokea kabla ya geti. Sili, wanyama wa baharini wenye mapezi, wapo kwa makumi ya maelfu, na wakati wa kuzaa, Novemba na Desemba, hukadiriwa kufika 200,000. Madirisha yafungwe, chakula kisitoke, viatu vifutwe kabla ya kupanda tena garini. Lori lililobeba harufu ile husimulia safari nzima. Tembeeni kwenye njia ya mbao tu. Dume aliye kando akihisi mmemtenga na maji atauma. Msalaba wa jiwe uliopo hapo ni mfano wa ule aliousimika Mreno Diogo Cão mwaka 1486. Wa asili ulichukuliwa na Wajerumani mwaka 1893.

Hatua ya 9: Kambi kwenye upepo, na suala la choo

Lori ndilo ukuta wenu. Liegesheni ubavu ukitazama kusini-magharibi, jiko upande wa pili, mahema nyuma yake yakiwa yameshikana. Vigingi vya kawaida vya hema havishiki mchangani: jazeni mifuko mchanga, fungeni kamba, fukieni. Hema lisiachwe tupu hata sekunde. Ingizeni begi kwanza, kisha simamisheni nguzo. Milango iangalie mbali na upepo. Asubuhi yatakuwa yamelowa. Msiyangoje yakauke pwani, kunjeni hivyohivyo, mtayatandaza mchana mkiwa bara, yatakauka ndani ya robo saa.

Kuni na gesi vinunuliwe mjini. Hakuna mti wa kukata, na gogo lililotupwa na bahari ni mali ya hifadhi. Chakula kiwe cha sufuria moja, chenye mchuzi, cha moto. Saladi nzuri kwenye picha haimsaidii mtu aliyepigwa upepo kwa muda wa saa nne. Bweha watakuja, viatu na masufuria viingizwe ndani.

Sasa choo, jambo ambalo vitabu huliruka na ambalo husumbua siku nzima. Pwani hii haina kichaka. Mkisimama barabarani kuna lori na upeo wa macho. Kubalianeni tangu kikaoni: wanawake nyuma ya lori, wanaume mbele, hakuna anayezunguka kona bila kupaza sauti. Kanga mbili zilizoshikwa na wenzake humsitiri mtu vizuri. Bebeni kihema kidogo cha choo kwa kambi, jembe la mkono la kuchimba sentimita 30, na mfuko wa kurudishia karatasi, maana karatasi iliyofukiwa hapa haiozi, upepo huifukua. Dereva asimame kila baada ya saa mbili bila kuombwa. Wako watu ambao huacha kunywa maji ili wasiombe gari lisimame, na hao ndio huzimia.

Hatua ya 10: Kuvuka Skeleton Coast

Mwe Ugabmund, kwenye lile geti lenye mafuvu yaliyochorwa, kabla ya saa nne asubuhi. Wapitaji hawaruhusiwi kuingia baada ya saa tisa alasiri, na ni lazima mtoke upande wa pili siku hiyohiyo. Pikipiki haziruhusiwi kabisa. Kambi ya Torra Bay hufunguliwa Desemba na Januari tu, na Terrace Bay ni ya waliokwisha kuweka nafasi. Kwa hiyo hesabu yenu iwe kana kwamba hakuna mahali pa kulala katikati, kwa sababu hapapo.

Kabla ya geti mtumieni mtu aliye mjini ujumbe wa saa mnayoingia na saa mnayotarajia kutoka. Baada ya Henties Bay mtandao huisha. Simu ya setilaiti ya kukodi si anasa hapa.

Njiani simameni kwenye mabaki ya South West Seal, iliyokwama 1976, na mtambo wa mafuta ulioachwa ukaliwa na kutu hadi ukaanguka. Msiogelee popote. Maji ni ya baridi, mkondo una nguvu, hakuna mwokoaji. Msiokote mifupa wala mawe. Na kipande chochote kinachong'aa kiacheni hapohapo: kumiliki almasi ghafi bila leseni ni jinai Namibia, na pwani ya kusini, kati ya Lüderitz na Oranjemund, imefungwa kwa sababu hiyo tangu enzi za Wajerumani.

Mkikwama, na mkifuata njia hamtakwama ila mmepisha vibaya, utaratibu ni huu. Dereva aondoe mguu kwenye mafuta mara tairi zinapoanza kuzunguka bure. Kila mzunguko huchimba kaburi la ekseli. Wote washuke. Punguzeni upepo wa tairi zaidi, fukueni mchanga mbele ya magurudumu yote na chini ya difu, lazeni bamba za kujikwamulia, kisha gari liondoke polepole kwa gia ndogo bila kusimama hadi litakapofika pagumu. Watu wasimame ubavuni, mbali. Kama kuna kamba ya kuvuta au winchi, hakuna anayekaa kwenye mstari wake. Bonde jeupe la chumvi lililo kando msilikanyage; juu ni gamba, chini ni tope.

Hatua ya 11: Kutoka

Kwenye njia panda ya C39 mnaiacha bahari na kupanda kwenda Springbokwasser. Joto hurudi, makoti yavuliwe, mahema yatandazwe. Mawe sasa ni makali, tairi zikaguliwe kila mnaposimama. Tembo wa jangwani hupita maeneo haya. Wakiwa barabarani, zimeni muziki, kaeni mbali, ngojeni. Ukitaka kumpiga picha mama wa Kiherero au wa Kihimba anayeuza vitu kando ya njia, msalimie kwanza, omba, na nunua kitu.

Palmwag kuna mafuta, na kuna kizuizi cha uzio wa mifugo. Kuelekea kaskazini mtapita na nyama yenu. Mkirudi kusini nyama mbichi itachukuliwa kwa sababu ya kuzuia homa ya miguu na midomo, kwa hiyo pikeni yote usiku wa kabla.

Mji wa kwanza wenye maji ya kutosha, osheni chasisi. Siyo mabodi yanayoonekana: chini, ndani ya fremu, kwenye springi, mabomba ya breki na viungo vya nyaya, kwa maji yasiyo na chumvi na presha, hadi maji yatoke meupe. Chumvi ya C34, ile barabara ya pwani, huendelea kula chuma wiki nyingi baada ya safari. Wakati utingo anaosha, mtunza fedha asome hesabu mbele ya wote na kurudisha kilichobaki, kila mtu akiwa bado yupo.